Siku Mtani Aliposema Pole

Pale Bariadi tulikuwa na mwanamke mmoja ambaye ukimwona anakuja msibani kwako ameshika kiuno, uso ameukunja kama mtu anayekuja kudai haki yake, ulijua leo utacheka, upende usipende. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Mtani, watu wazima walimwita Mtani, hata padri wetu, naye alikuwa mtu wa heshima zake, alimwita Mtani. Mimi nilimwita hivyo, na yeye aliniita mtani vilevile, maana utani hauna mkubwa. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, na kati ya makabila yetu kuna ruhusa ya kutukanana ambayo wazee walituachia bila kutuuliza.

Alikuja huku na mume wake, sasa marehemu, fundi wa mashine za kuchambua pamba. Mambo ya kwao na ukoo wake nayaacha, siyajui vizuri na hayanihusu. Ninachotaka kusema ni habari ya mdomo wake, na jinsi ulivyonyamazishwa na watu ambao hawajawahi kufika Bariadi hata kwa kupita.

Mimi ni fundi simu. Nina meza karibu na soko, mwavuli mkubwa uliochanika upande mmoja, na kisanduku cha bisibisi. Nimejenga kwa simu, nimesomesha kwa simu, kwa hiyo kama kuna mtu ana haki ya kuzilaani simu katika mji huu, ni mimi. Msiniletee habari za maendeleo. Nimefungua matumbo ya simu nyingi na sijaona ndani yake mahali pa kuhifadhia aibu ya mtu.

Mtani alikuwa akiuza vitumbua kwenye barabara iendayo kiwandani. Mchele wa huku kwetu, ufundi wa kwao Pwani. Asubuhi nikipita namwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mtani," naye anajibu, "Mhola," kwa lafudhi yake ile ya kuvuta maneno kama anayavua samaki. Halafu vita vinaanza.

"Umekuja kununua au kunusa? Maana nyie Wasukuma mkinusa tu mnashiba, mnarudi na hela yenu."

"Nipe vinne. Na usinipe vile ulivyogeuza kwa vidole vya ugoro."

"Haya, kula, mla michembe, mla viazi vya kukaushwa. Leo tumbo lako litajua kwamba duniani kuna vyakula."

"Nyie kwenu si mnauza shamba la urithi ili mpate hela ya ngoma?"

"Tunacheza, ndiyo. Bora sisi tunaocheza. Nyie mmekaa na ng'ombe mpaka mmeanza kufanana nao. Hebu geuka nikuone masikio."

Watu waliokuwa wanasubiri vitumbua walicheka mpaka chai ikawapalia. Siku moja mwalimu kijana, mgeni katika mji, akadhani tunagombana kweli. Akaingia katikati, mikono ameinua: "Jamani wazee wangu, msigombane, mambo yanazungumzika." Mtani akamtazama juu mpaka chini. "Na huyu nani? Baba, ukiona mtu na mtani wake wanatukanana, we kula kitumbua chako unyamaze." Yule mwalimu baadaye akawa mteja wake mkubwa, na alijifunza kunyamaza.

Wengi walimchukulia kuwa ni mchekeshaji. Hapana. Harusini alikaa kimya kabisa, anakula wali wake, anaondoka mapema. Nilimwuliza sababu. "Harusini kila mtu ana furaha yake," alisema. "Mie nikafanye nini huko?" Kazi yake ilikuwa msibani. Na huko hakwenda kiholela, alikuwa na taratibu ambazo sijawahi kuona akizivunja.

Kwanza analia. Anaingia ndani walipo wanawake, anamkumbatia mfiwa, analia kilio cha kweli mpaka kanga inalowa. Akitoka anaomba maji, ananawa uso, halafu anauliza taratibu: mjane ndiye yupi? Amekula? Marehemu alikuwa na kelele gani nyumbani? Msiba wa mtoto mdogo hakuugusa, alikaa chini na wenzake akaondoka alivyokuja. Ugonjwa uliomwondoa mtu hakuutaja hata mara moja. Na alichokichukua alikirudisha. Aliweza kuiteka sufuria ya nyama mbele ya wapishi, akaikalia, akadai akombolewe kwa majani ya chai au kwa wimbo, na jioni sufuria ilirudi imesuguliwa kuliko ilivyotoka.

"Kwa nini unaanza kulia?" nilimwuliza.

"Usipolia," alisema, "hayo utakayosema baadaye ni matusi."

Lakini msije mkadhani alikuwa mzee wa kuzichukia simu. Ebo! Alizipenda kuliko wateja wangu vijana. Binti yake alimtumia simu ya kioo kutoka Dar, na tangu siku hiyo meza yangu ikawa kijiwe chake. Niwekee taarabu. Niwekee na ngoma zenu hizo za Kisukuma, zinanifaa nikikanda unga. Sauti imepungua, hebu mpulize huyo mdudu. Kuandika hakupenda, alituma sauti, na alishika simu karibu na mdomo kiasi kwamba ukifungua ujumbe wake unasikia kwanza pumzi, halafu tusi. Video za watu wanaodondoka kwenye punda, za bata wanaokimbiza wanafunzi, alizitazama mpaka vitumbua vikaungua. Akazituma kwa kila mtu. Mimi nilizipata hata mara tatu ileile.

Jambo moja tu lilimsumbua. Akimaliza kucheka alikuwa anauliza, "Huyu anachekesha, sawa. Anamchekesha nani?" Namwambia, si wewe hapo umecheka? "Mie amenikuta tu. Nasema pale alipo yeye, nani kafiwa?" Nikaona ni maswali ya uzee, nikaendelea kulehemu waya wangu. Sasa hivi swali lile linanirudia karibu kila siku nikiona watu mezani kwangu wanacheka kila mmoja peke yake.

Alikuwa pia mwoga, na hili watu hawalijui. Mwanamke aliyeweza kulala kwenye kitanda cha maiti ya jana, hospitali hakuingia. Mtu wake akilazwa alisimama nje ya geti, anampelekea uji kwa mkono wa mwingine. "Aliyekufa simwogopi," alisema. "Namwogopa anayekufa."

Basi, akafariki mzee mmoja kule Lagangabilili, mfugaji, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Aliwahi kuwa jirani wa baba yangu, kwa hiyo nilikuwepo. Mke wake alikuwa amekaa ukutani ndani ya nyumba tangu mauti yalipotokea, hali, hasemi, halii. Macho makavu yanatazama mlango. Wanawe walihangaika naye wakashindwa. Mtoto wao mkubwa, anayefanya kazi Dar, ndiye aliyesema, "Mleteni Mtani." Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimesimama naye. Wakamtuma mtu wa bodaboda akamfuate Bariadi.

Mtani akafika, akalia, akanawa, akauliza. Baadaye kidogo tukamwona anatoka nyuma ya nyumba amevaa koti refu la marehemu, kofia yake, na fimbo yake mkononi. Akatembea vile vile alivyotembea mzee, mguu mmoja unatangulia kwa hasira. Wazee wakaanza kuguna. Akajilaza kwenye kitanda cha kamba pale uani, kitanda ambacho mzee alipenda kupumzikia mchana, akapiga ukelele:

"Nani kawaambia nimekufa? Mimi nimelala tu! Ng'ombe wangu wako wapi? Naona mmechinja! Mmemchinja yule mwenye mabaka, enhe? Nilijua mnangoja nifumbe macho!"

Akageukia mlangoni, kwa mjane.

"Na wewe mke wangu, umekaa humo unanuna nini? Si ulisema nikifa utapumzika na makelele yangu? Haya pumzika basi! Ugali wangu uko wapi?"

Yule mama akainua kichwa. Akacheka, kicheko kikampeleka mpaka akashika nguzo ya mlango, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. Alilia, jamani! Alilia kwa mara ya kwanza tangu mume wake aage. Mtani akavua lile koti palepale, akamfunika nalo mabegani, akakaa naye chini. Muda si mrefu mama akaomba uji. Nilimwona yule mtoto mkubwa amevua miwani anafuta machozi ya kucheka, anasema, "Huyu mwanamke, huyu mwanamke!"

Mjukuu mmoja wa marehemu, binti wa chuo, alikuwa amerekodi. Simlaumu sana. Alitaka ndugu walio mbali waone jinsi babu yao alivyoombolezewa, akaituma kwenye grupu la ukoo. Simu yake ilikuwa imeanzia kwenye "Nani kawaambia nimekufa" ikaishia kwenye "Ugali wangu uko wapi." Kilio cha mwanzo haikukinasa, kilikuwa ndani. Uji haikuunasa, binti alikuwa ameshaweka simu mfukoni akaenda kuukoroga. Na katika lile grupu kuna mtu, mpaka leo hajulikani, akaichukua akaitupa nje.

Ilipokuja kwenye simu yangu ilikuwa imefupishwa, imewekewa muziki wa kutisha, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa: BIBI MCHAWI AVAMIA MSIBA, AVAA NGUO ZA MAREHEMU.

Wanaosoma haya wakiwa mbali labda wataliona neno hilo kama mzaha. Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu haitwi mchawi kwa mzaha. Macho ya Mtani yalikuwa mekundu kwa moshi wa vitumbua, na kila mtu Bariadi alijua. Lakini waliokuwa wanaandika hawakuwa wa Bariadi. "Muangalie macho." "Huyu akamatwe." "Kamuua yeye, anajifanya kulia." Halikuwepo hata chozi kwenye ile video, lakini mtu aliliona. Waliandika, wakalala zao usingizi mtamu kwenye miji yao, na yeye akabaki kulala hapa, chumba cha peke yake, mlango wa mbao.

Wapo waliojaribu kueleza kwamba jamani, huu ni utani, ni mila. Nami niliandika, tena kirefu, mimi ambaye hata kuwaandikia wateja kwamba simu zao ziko tayari naona uvivu. Nikajibiwa na mtu mmoja, "Na wewe mchawi mwenzake," na wengi wakaweka alama za kucheka. Nikaizima simu nikaiweka kwenye droo pamoja na zilizokufa.

Mtani akaja mezani asubuhi yake. Hakusalimia. Akafungua fundo la kanga, akaitoa simu, akaiweka mbele yangu.

"Itoe."

Nikaifuta ile video. Nikamwonyesha. "Haipo tena, mtani."

"Sasa itoe na kwenye hizo nyingine."

"Zipi?"

"Hizo." Akanyoosha mkono kuelekea soko lote, stendi, na barabara ya kwenda Maswa.

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, kwamba kitu kikishafika huko kila mtu ana chake. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Wewe si fundi?"

"Ni fundi."

"Fundi wa nini sasa?"

Miaka yote ile alishanitukana mimi, mama yangu, ng'ombe wetu na babu zetu, na sikuwahi kuumia. Siku ile niliumia, kwa sababu hakuwa ananitania.

Akavuta kigoda akakaa. Akaomba nimwonyeshe yule wa kwanza aliyemwita mchawi. Nikamwonyesha. "Kabila gani huyu?" akauliza. Nikacheka kidogo, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. "Nauliza kabila. Kama ni Msukuma au Mnyamwezi, sawa, huyo wangu, ana haki, nami nitamjibu akome. Akiwa kabila jingine, kwa ruhusa ya nani?" Nilitazama kioo. Jina lilikuwa herufi na namba zimechanganywa, na picha ilikuwa ya gari jeupe. Nikamwambia hajulikani. "Kila mtu ana kabila, mtani." Nikamwambia huko ndani hana. Akalitazama lile gari jeupe kwa muda mrefu sana.

Nadhani hayo yote angeyamudu. Mtu aliyetukanwa kwa haki maisha yake yote ana ngozi. Kilichomvunja kilikuja baadaye kidogo. Yule mtoto mkubwa wa marehemu, yule wa miwani, akaona aibu mbele ya wenzake wa kazini kule Dar. Akaandika tamko kwa niaba ya familia. Lilikuwa limeandikwa vizuri, Kiswahili cha ofisi kabisa: familia imesikitishwa na kitendo kile, haimfahamu mwanamke huyo wala haikumwalika. Watu wakampongeza kwa busara.

Mtani alilisoma mwenyewe mezani kwangu, kidole kinafuata mstari. Alipofika mwisho akarudi nyuma kidogo.

"Haikumwalika," akasema. Akaninyanyulia macho. "Pikipiki si ilinifuata nyumbani?"

"Ilikufuata, mtani. Wanajua."

"Basi wanajua," akasema, akaikunja kanga yake akaondoka. Vitumbua alivyoniletea siku ile aliviacha mezani bila kudai hela, na sikuweza kuvila.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Aliendelea kuuza, mikono ileile, chuma kilekile, lakini ukifika anakuuliza tu, "Vingapi?" Mimi nilijaribu. Nikamwambia, "Leo vimeungua, mtani, vimekuwa vyeusi kama roho yako." Zamani neno hilo lingenigharimu ukoo mzima. Akanitazama kwa upole. "Samahani," akasema. "Nikubadilishie?" Nilitamani ardhi ipasuke. Wamama wachache walianza kuwakataza watoto wasinunue kwake. Si wengi, lakini yeye aliwajua kwa majina. Na vijana wakipita kwa bodaboda walipaza sauti, "Ugali wangu uko wapiii!" halafu wanaongeza mwendo. Walikuwa wanampenda, ndiyo, naamini walikuwa wanampenda. Ila walimpenda kama wanavyompenda yule wa kudondoka kwenye punda.

Mwaka uliofuata, msimu wa kuvuna pamba, baba yangu akafariki.

Baba yangu alikuwa mtu wa kutaniwa, sijui nisemeje! Alivaa sweta la sufu kwenye jua la saa nane. Aliimba kanisani nyuma ya wenzake, wao wamemaliza, yeye bado yuko ubeti wa pili na hana wasiwasi. Alibishana na redio, akamwambia mtangazaji ni muongo, akaizima, halafu akaifungua tena kuona kama imejirekebisha. Mtani alikuwa akimwambia mara kwa mara, "Mzee, wewe ufe haraka, nina kazi nawe." Na baba anajibu, "Nakusubiri utangulie, nije nicheze juu ya kaburi." Walikuwa na ahadi, wale.

Mama alimsubiri. Kila kikundi cha wanawake kikiingia, mama ananyanyua shingo. Hatimaye Mtani akaja. Akaingia ndani akalia, nasi tukasikia sauti yake. Akatoka, akaomba maji, akanawa uso. Pale uani watu wakaanza kusogea, wazee wakajipanga vizuri kwenye mabenchi, na mama akakaa wima kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Sweta la baba lilikuwa limetundikwa mlangoni. Nadhani dada yangu aliliweka pale makusudi.

Nikaona vijana wawili karibu na uzio wametoa simu, wameziinua. Yeye naye akaziona. Niliwaendea nikawaambia waziweke mfukoni, wakaziweka, wakaomba radhi, hawakuwa na ubaya. Lakini nilipogeuka Mtani alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mama. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama," akasema. "Mungu akutie nguvu."

Akakaa na wanawake mpaka tukazika. Akaosha vyombo. Akaaga kila mtu, akaondoka.

Jioni mama akaniita. "Mtani amekasirika na sisi?"

"Hapana, mama."

"Mbona amenipa pole?"

Mama akakaa na kile kilio kifuani miezi na miezi. Alikuwa anakula, anasali, anajibu salamu, lakini ungemwona anavyolikunja lile sweta, analikunjua, analikunja tena. Mpaka leo nasema, baba yangu alizikwa nusu. Nina hasira na jambo hilo na sijui nimpelekee nani. Yule mwenye gari jeupe? Hajui hata kama mimi nipo. Ameshasahau, ana wengine wa kutukana.

Na siku hizi nikienda msibani naangalia. Watu bado wanacheka matangani, msidhani wameacha. Wazee walisema kifo cha wengi harusi. Lakini kila mmoja ameinamia simu yake, huyu anamcheka mtu wa nchi nyingine, yule anamcheka mwingine, wanapokezana video wameziba midomo kwa heshima. Na mfiwa yuko palepale ukutani, macho makavu, hakuna anayemcheka yeye. Ndipo ninapolielewa lile swali la Mtani, nani kafiwa pale alipo, na nimelielewa wakati halimsaidii mtu.

Masika haya nikasikia anaumwa. Miguu imevimba, hospitali amekataa. Nikachukua sukari na mchele kidogo, nikaenda. Anakaa chumba kimoja, safi, dirisha dogo linatazama njia. Simu yake sikuiona. Alikuwa amelala kitandani, amekonda usoni, na aliponiona akajaribu kukaa, nikamzuia.

"Mwadila, mtani," nikamsalimia.

"Mhola."

Tukazungumza habari za mvua, za bei ya mchele, za binti yake ambaye yuko njiani anakuja. Kisha akasema, "Mume wangu mlimtukana vizuri."

Nilikuwa kijana wakati huo, lakini nakumbuka. Akaanza kucheka kidogo kidogo peke yake. "Lile jitu lenu la Maswa likaingia kaburini, likalala, likasema halitoki mpaka nilipikie pilau. Mwingine akavaa ovaroli la marehemu akaja kuniuliza, mke wangu, mbona chai imechelewa? Na sauti yake hasa! Wallahi nilicheka, nikalia, sijui kipi kilianza. Nikasema kumbe hawa watu walimpenda."

"Tulimpenda."

"Na mie nikifa?"

"Hufi leo, mtani."

"Sijasema leo. Nauliza nani ataingia kaburini kwangu. Wale wakubwa wenu wamekwisha. Vijana wanajua kupiga picha. Umebaki wewe." Akajinyoosha kitandani, akaivuta kanga mpaka kidevuni, akafumba macho. "Haya. Nimekufa. Nitanie nisikie."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anangoja kweli, kope zinatetemeka kidogo.

Maneno nilikuwa nayo, jamani. Nilikuwa na ugoro, nilikuwa na ngoma za Kizaramo na mashamba ya urithi, nilikuwa na vitumbua vilivyoungua kwa sababu ya bata. Nimetaniana na mwanamke huyu zaidi ya nusu ya umri wangu. Nikafungua mdomo. Nikaiona miguu yake imetokeza nje ya kanga, imevimba, kisigino kimepasuka. Halafu, sijui kwa nini, nikajikuta nimegeuka kutazama dirishani kama kuna mtu amesimama na simu. Hapakuwa na mtu. Nilipomgeukia tena, neno lilikuwa limeshakauka.

"Pole, mama," nikasema.

Hakufumbua macho.

"Umeniita nani?"

Maji ya mvua yakaanza kugonga bati.

"Basi," akasema, "mtanizika kama mgeni."